Baba na Buvette za Jumapili

Ruashi, Lubumbashi, 10 Machi 2024

Yaya Agnès,

Nakusalimu wewe dada yangu, shemeji Mulenga na watoto wote wa hapo mtoni. Sisi huku tuko, tunapumua. Mume wangu Gauthier bado anaingia zamu mgodini, na vumbi la mgodi limeshatufikia hadi ndani ya sufuria. Bénie ametuma habari kutoka Kolwezi: ana mimba ya miezi mitatu. Mwezi wa tisa mimi nitaitwa nkambo, bibi wa mtu, na bado sijazoea kuitwa mama.

Najua simu hutaki. Tangu matanga ya Mama, kila tukipigiana tunagombana na mmoja wetu anakata. Wewe ndiye uliyesema afadhali karatasi, kwa sababu karatasi haimkatizi mtu katikati ya neno. Basi nimeandika, na Chola atakuletea akija na lori kuchukua samaki.

Baba ni mzima. Magoti yanamsumbua, lakini tangu astaafu kazi ya reli sijamwona akitembea kama sasa. Utacheka nikikuambia. Kila Jumapili baada ya misa tunatoka, mimi na yeye, tunazunguka buvette, hizi bar ndogo za mitaani. Ndiyo, Baba yetu, Floribert yuleyule aliyekuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya mlango wa bar. Anavaa kofia yake, anasimama mlangoni na fimbo, ananiambia: "Huguette, twende." Tunapanda taxi-bus, tunashuka popote anapotaka.

Tulianzia commune ya Kenya, hapa hapa mjini, kwa mama mmoja anaitwa Kapinga, anachoma mbuzi chini ya mabati na viti vyake vyote vina miguu ya rangi tofauti. Baba aliagiza bia, Simba. Nilidhani nimesikia vibaya. Akanywa povu tu, akapangusa mdomo, akasema inachacha vizuri. Wiki iliyofuata Katuba, ambako wazee wanacheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Baba aliwafunga wawili. Wakamwita "Chef de gare", mkuu wa stesheni, na yeye akakubali jina! Mimi nimenunua daftari, naandika kila mahali tulipokwenda na kinywaji chake, maana siku hizi mji huu umejaa mambo usiyoyajua.

Yaya, miaka yote hii sikuwahi kukaa na Baba mezani nikamwangalia uso. Sasa namwangalia saa tatu nzima kila Jumapili. Nimeona nikuambie mwenyewe, usisikie kwa watu.

Mdogo wako,
Huguette


Kasenga, 2 Aprili 2024

Huguette mdogo wangu,

Barua imefika, ina harufu ya mazuti ya lori la Chola. Asante kwa salamu. Hapa maji ya Luapula yamepanda hadi kwenye bustani ya mboga, na shemeji yako amehamisha injini ya boti ndani ya chumba tunacholala. Samaki ni wachache. Pongezi kwa Bénie, mwambie asibebe maji kichwani.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaiweka chini ya gunia la chumvi na nikatoka nje. Sikutaka Mulenga anione uso.

Unaandika kana kwamba mimi nilizaliwa nyumba nyingine. Nikukumbushe? Ulikuwa na miaka kumi na mitano, unakumbuka vizuri kama mimi. Mwaka wa 1994, mwezi wa saba, mtihani wa Serikali ulikuwa umekwisha siku ileile. Tulikuwa wasichana wanne na wavulana wawili katika buvette ya Kamalondo, saa kumi ya mchana, jua linawaka. Baba aliingia na iniforme ya reli. Alinipiga kofi mbele ya wote, nikaanguka na kiti. Unajua nilikuwa nimeshika nini mkononi? Fanta. Fanta, Huguette. Baada ya wiki moja nilikuwa juu ya gunia la unga ndani ya lori, naletwa kwa shangazi hapa Kasenga, na matokeo ya mtihani niliyasikia baada ya miezi miwili. Nilikuwa nimepita. Hakuna aliyeniambia nirudi nikasome.

Sijalia kwa ajili hiyo siku nyingi. Nina mume mzuri, nina watoto, nina kazi yangu. Lakini kusikia mtu yule anakunywa povu la Simba na wewe, anacheza drafti, anaitwa Chef de gare, na wewe unaandika kwenye daftari! Mimi sijawahi kupewa hata maji na mkono wake tangu siku ile. Amekuja hapa mara moja tu, kumzika shangazi, na alikula amesimama.

Hadi leo sijui ni nani aliyemwambia nilikuwa pale. Mimi nilimshuku yule mama wa jirani aliyeuza mkaa.

Umetaja Kenya, umetaja Katuba. Kamalondo hamjafika?

Dada yako,
Agnès


Ruashi, 5 Mei 2024

Yaya Agnès,

Pole na maji. Hapa tumemshukuru Mungu, ukuta wa nyuma umekwisha, sasa nyumba inafanana na nyumba. Nina mashono ya harusi mbili na ya kwaya nzima ya parokia, vidole vimevimba.

Kamalondo ni mbali kwa magoti ya Baba.

Sikukuandikia ili nikuumize. Wewe una mto, una boti, una mume anayelala nyumbani kila siku. Watu wa Kasenga wanakuita Mama Agnès na wanasimama ukipita. Mimi nina cherehani, na mume ninayemwona akilala mchana. Niachie Jumapili.

Acha nikuambie tulichokipata, labda utafurahi. Bel-Air, nyuma ya gereji moja, kuna msichana anaitwa Tracy, hajafika miaka thelathini. Anatengeneza bia yake mwenyewe. Wanaziita artisanale. Ana mapipa ya chuma manne yanayong'aa kama sufuria za harusi, na ubaoni anaandika kwa chaki bia za wiki hiyo. Mtu hapewi chupa, anapewa glasi ndogo ndogo nne juu ya kibao ili aonje kwanza. Moja ina asali ya Kundelungu, inashuka kooni polepole. Moja ameitia maua ya ngai-ngai, ni nyekundu na inakaza mashavu. Moja ni nyeusi, ina harufu ya mahindi yaliyoungua kidogo chini ya chungu. Na moja imetokana na mizizi ya munkoyo, ile aliyokuwa akitutengenezea Mama kabisa, ila hii ina povu na inapanda kichwani. Niliionja, machozi yakanitoka. Tracy akadhani ni mbaya.

Tumerudi pale Jumapili tatu mfululizo. Zamani hatukurudi mahali mara mbili. Baba akifika hakai papo hapo, anapenda kwanza kupita meza zote, anaangalia watu mmoja mmoja. Ni tabia ya uzee tu. Tracy amemzoea, anamwachia njia.

Salimia shemeji.

Huguette


Kasenga, 30 Juni 2024

Huguette,

Nimekawia kukujibu kwa makusudi. Mafuriko yamekwisha, wote wazima, mtoto wa tatu alipata malaria na akapona. Hizo ndizo habari.

Sasa lingine. Chola alikuja juzi. Alikuwa amepeleka samaki wa kukaanga kwa huyo Tracy wako, maana naye sasa ni mteja wake. Akanikuta gatini, akajikunakuna, akasema: "Mama Agnès, nisikufiche. Muzee wenu nilimuona kule Bel-Air. Alikuwa napita ku kila meza. Anauliza bantu: 'Hamukuona mutoto wangu mwanamuke? Iko murefu, iko na miaka kumi na kenda. Baliniambia iko mu bar.' Na jina alitaja, mama. Ni yako."

Nilimwambia Chola kwamba amesikia vibaya. Akaapa kwa mama yake.

Wewe umejaza kurasa tatu kwa habari za povu na asali. Uliandika ni tabia ya uzee tu. Jibu swali moja: Baba anatembea katika buvette za Lubumbashi kumtafuta nani?

Agnès


Ruashi, 21 Julai 2024

Yaya,

Anakutafuta wewe.

Samahani kwa kuanza bila salamu, lakini nikianza na salamu nitageuza maneno tena.

Ilianza Noeli iliyopita. Baba alikuwa akisahau vitu vidogo, funguo, siku ya malipo ya pensheni, kwamba Mama amekufa. Daktari wa hospitali ya mjini alisema ni ubongo unaochoka, hakuna dawa ya kuurudisha. Halafu Jumapili moja tulitoka kanisani, nikageuka, hayupo. Tulimtafuta mchana kutwa. Tulimkuta kwenye bar ya wachimbaji hapa Ruashi, amevua kofia, anawauliza vijana wenye matope kama wamemwona binti yake. Hawakumcheka. Mmoja alikuwa amemshika mkono.

Tangu siku hiyo nilijua kwamba nikimfungia atatoroka. Ndiyo maana naenda naye. Anapita meza zote, anauliza, hakuna. Akishachoka anakaa, mimi naagiza kitu ili wenye bar wasikasirike, na yeye anaonja. Hapo ndipo anapozungumza vizuri, anacheza drafti, anacheka. Yote niliyokuandikia yalitokea. Nilikuficha tu ile nusu saa ya kwanza.

Kwa nini nilikuficha? Barua yako ilionyesha kwamba unanionea wivu. Niliposoma nilicheka peke yangu juu ya cherehani. Mimi ninayemwogesha, ninayemkatia kucha, ninayemfunga viatu! Jumapili nzima anakaa mbele yangu na macho yake yako mlangoni, anakungoja wewe uingie. Siku moja nilimwuliza: "Papa, na mimi je?" Akanipapasa mkono kama mtu anavyompapasa mbuzi, akasema: "We ngoja kwanza." Ningekuandikiaje hilo? Nilitaka angalau mtu mmoja duniani aamini kwamba Baba anatoka kwa ajili yangu.

Sasa nina ombi. Bénie atajifungua katikati ya mwezi wa tisa, na mama mkwe wake ni mgonjwa. Lazima niende Kolwezi wiki tatu au nne. Gauthier hawezi Jumapili, yuko zamuni. Mgeni hawezi kumpeleka Baba, ataogopa. Njoo ukae hapa. Hujalala Lubumbashi tangu matanga ya Mama, na siku zile ulilala kwa watu. Kitanda changu ni chako.

Huguette


Ruashi, 24 Septemba 2024

Huguette mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako. Chola ana mtu wa Kolwezi, atakufikishia. Gauthier ni mzima na anakula. Nimekusafishia friji, usikasirike. Habari za Bénie tumezipata kwa simu yake: mtoto wa kike, kilo tatu na kitu, amshukuru Mungu na apumzike.

Nilifika Alhamisi, wewe ulikuwa umeondoka asubuhi. Baba alikuwa kwenye kiti cha uani. Nilipiga goti, nikamshika mkono. Akaniangalia kwa adabu sana, akamwambia Gauthier: "Huyu mama wa samaki bamupatie maji, anatoka mbali." Ni harufu, nadhani. Basi nikawa mama wa samaki. Kwa siku kumi na tisa hajaniita jina lingine.

Jumapili ya kwanza alivaa kofia akasimama mlangoni. Nikamwambia Huguette amesafiri, mimi nitamsindikiza. Alikubali. Kwa Tracy ni pazuri, hukudanganya. Nilikaa, nikamtazama akipita meza kwa meza na ile fimbo, ananiulizia mimi kwa watu wasionijua, na mimi niko pale nimekaa. Nilitaka kusimama nipige kelele: Papa, ni miye! Sikusimama. Unajua kilichonishika? Wivu. Nilimwonea wivu yule msichana wa miaka kumi na tisa. Anatafutwa mji mzima, na mimi nina miaka arobaini na tisa, nina uvimbe wa miguu, na napewa maji kwa sababu natoka mbali. Jumapili ya pili ikawa vilevile. Nilikunywa bia nyeusi bila kuionja.

Jumapili ya tatu, juzi, mvua ya kwanza ilinyesha na watu walikuwa wachache. Baba alizunguka meza tatu tu zikaisha. Akabaki amesimama katikati, hana tena wa kumwuliza. Akaja mbele yangu, akavua kofia.

"Mama, we unatoka mbali. Pengine njiani ulimuona mutoto wangu."

Nikamwambia: "Papa, kaa kwanza." Akakaa kwenye ncha ya kiti. Nikamwuliza: "Ukimupata utamufanya nini? Utamupiga?"

Alishtuka, Huguette.

"Kumupiga? Hapana, mama. Kupiga nilishapiga. Nilimupiga mbele ya bantu na hakukuwa hata na kosa. Nataka tu nimuambie amalize kinywaji yake. Miye nitamungoja inje. Akimaliza, turudie ku nyumba."

Tracy alikuwa akifuta glasi, akaacha kufuta.

Kisha nilimwuliza jambo ambalo nimelibeba miaka thelathini: "Nani alikuambia iko mu bar?"

Akajibu bila kufikiri, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. "Mudogo yake. Huguette. Alikuya mbio mpaka ku gari-moshi, ku kazi yangu, na viatu mu mukono. Alisema: Papa, kuya uone Agnès ile unapendaka."

Sina swali hapa. Nimeandika tu alichosema.

Halafu nikamwambia Baba: "Mutoto wako alisharudia. Iko ku nyumba."

"Kweli?"

"Kweli. Nilimuona na macho yangu. Alimaliza kinywaji yake, akarudia."

Alikaa vizuri kwenye kiti, akaegemea. Akaomba ile ya asali. Akainywa glasi nzima, si povu, akaimaliza, akalala palepale mkono wake ukiwa juu ya meza karibu na wangu. Mvua ilipokatika nilimwamsha tukarudi.

Kesho napanda lori la Chola. Jirani yako Kapya atalala hapa mpaka urudi.

Agnès


Kolwezi, 6 Oktoba 2024

Yaya Agnès,

Mtoto ananyonya vizuri. Bénie anatembea. Nimeisoma barua yako chooni, kwa sababu ndiko kwenye mlango unaofungwa.

Ni mimi. Yule mama wa mkaa hakuwa na kosa, na amekufa.

Sitajificha nyuma ya miaka kumi na mitano. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini anakuvisha wewe kofia yake ya reli. Wewe ndiye uliyemsomea gazeti. Alikuita "mwalimu wangu". Mimi aliniita "wewe". Siku ile ya mtihani ulikuwa ukijipaka mafuta mbele ya kioo, nikakuomba nifuatane nawe, ukasema: "We uko kadogo, baki na Mama." Ukatoka na viatu vyangu, Agnès, vile vyeupe vya komunio, kwa sababu vyako vilikuwa vimepasuka. Nikakufuata mbali mbali na sandali za Mama, nikaona mahali ulipoingia. Kutoka pale mpaka stesheni nilikimbia nimezishika mkononi.

Nimeandika sentensi hii na kuifuta mara mbili: sikujua atakupiga. Ni uongo. Nilijua, na nilitaka akupige. Nilitaka akuone hata mara moja kama anavyoniona mimi. Sikutaka akupeleke Kasenga. Ulipoondoka nilingoja anivishe kofia. Hakunivisha. Aliitundika msumarini, na hakumvisha mtu tena.

Kila Jumapili, tukishuka kwenye taxi-bus, Baba ananiuliza: "Iko mu bar gani? Niambie tena." Ananiuliza mimi, kwa sababu kichwani mwake mimi bado ni yule mtoto aliyekuja na habari. Kamalondo nilimkwepesha kwa hofu. Nilikwenda peke yangu kuangalia: buvette ile sasa ni kanisa la maombi, wanapiga ngoma pale ulipoanguka.

Siombi kitu.

Huguette


Ruashi, 1 Desemba 2024

Yaya,

Miezi miwili hujanijibu. Chola anasema unapokea barua mkononi na unanitumia salamu njema, basi.

Mvua zimeshika. Gauthier amepewa zamu ya mchana tu, kwa hiyo nyumbani sasa kuna mtu wa kugombana naye jioni. Mtoto wa Bénie ameanza kucheka.

Nakuandikia kwa ajili ya Baba. Hatoki tena. Niliporudi kutoka Kolwezi, Jumapili ya kwanza nilivaa, nikachukua mkoba, nikasimama mlangoni. Alikuwa uani amekaa bila kofia.

"Papa, twende?"

"Tuende wapi?"

"Ku bar. Kutafuta."

"Kutafuta nani?" Akanitazama kama mimi ndiye ninayepoteza akili. "Agnès alisharudia. Bote beko ku nyumba."

Na imekuwa hivyo Jumapili zote nane. Ametulia. Analala vizuri, anakula, hapigi mlango. Daktari amefurahi. Gauthier amefurahi. Ni mimi tu, yaya, ninayezunguka uani kama kuku asiye na kiota. Wewe ulikuja Jumapili tatu ukampa jibu. Mimi nilimpeleka zaidi ya Jumapili thelathini na jibu nilikuwa nalo mdomoni, lile neno moja, alirudi, na sikuwahi kulisema. Nadhani sikutaka alipate. Akishakupata wewe, angetokaje tena na mimi?

Juzi nilimwuliza, nikiwa namkata ndevu: "Papa, na Huguette? Huguette ulimutafutaka?"

Akafikiri sana. Sabuni ilikauka kwenye shavu.

"Huguette? Ule sijamutafutaka hata siku moya," akasema. "Ule ikoka tu."

Nilimaliza kumnyoa. Kisha nikaenda Bel-Air peke yangu. Tracy alinipangia glasi nne bila kuniuliza, akaniuliza mzee yuko wapi, nikasema ni mzima. Nilikaa mbele ya zile glasi nikagundua kwamba sijui hata kama napenda bia. Nilikuwa naandika alichopenda yeye. Ile ya ngai-ngai niliimaliza. Nyingine nilizirudisha.

Najua sina haki ya kukulilia. Lakini sina dada mwingine.

Huguette


Kasenga, 12 Januari 2025

Huguette mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Gauthier, kwa Bénie na mtoto. Mwambie Baba kwamba mama wa samaki anamsalimu. Hapa mto unapanda tena na Mulenga ameshaanza kuitazama injini na chumba chetu kwa jicho lilelile.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nikiandika barua mbaya. Niliandika tano. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo mtu hawezi kuyaondoa, nikaichoma. Ya tano ilikuwa karibu na adabu, nikaichoma pia, kwa sababu ilikuwa ya uongo.

Hizi ndizo kweli zangu. Miaka thelathini nilimchukia mwanamke wa mkaa. Sasa nakuchukia wewe, na chuki hii ni nzito zaidi kwa sababu naijua sauti yako na jinsi unavyokohoa. Kila nikipita shule ya sekondari hapa, nikiwaona walimu wakitoka na daftari zao, nakuona umeshika viatu mkononi.

Na kweli ya pili. Lile neno alilokuambia Baba, kwamba hakukutafuta hata siku moja, kwamba wewe ulikuwepo tu. Uliliandika kama jeraha. Mimi nililisoma nikashindwa kula. Kutafutwa nimetafutwa, Huguette, lakini na mtu asiyeniona nikiwa mbele yake. Wewe hujawahi kupotea machoni pake. Hata alipomsahau Mama, hata aliponisahau mimi, ananyosha shingo umnyoe na hajiulizi ni mkono wa nani. Ningetoa Jumapili zangu zote tatu nipate hilo.

Kwa hiyo tunaoneana wivu, wote wawili, kwa ajili ya mzee mmoja ambaye hajui. Shemeji yako anasema tumechelewa kwa ugomvi huu. Nimemwambia akae na injini yake.

Nitakuja Pasaka. Mulenga atabaki na watoto. Nitalala kwako siku nane. Jumapili tutamwacha Baba na Gauthier, tutoke mimi na wewe peke yetu. Uchague wewe mahali, Katuba, Kenya, kwa Tracy, popote penye kivuli, na safari hii uagize unachokipenda, hata kama ni chai. Uje na maneno yale uliyoyaandika ukiwa Kolwezi, uniambie tena kwa mdomo, nikikutazama. Nitakukatiza. Nitapiga meza. Huenda nikasimama nikatoka nje, na usinifuate, nitarudi.

Sijakusamehe. Usije ukamwambia mtu kwamba nimekusamehe. Nakuja tu kukaa nawe mezani, kwa sababu sijawahi kukaa nawe. Siku ile ulipoomba nikakuambia baki.

Dada yako,
Agnès